Tomati, simu na mama yangu: intaneti inabadilisha nini ku soko yetu?



Wengi wananijua kama agronome, kwa hiyo pengine mnangoja niandike juu ya mbegu, mbolea ao ugonjwa wa migomba. Leo apana. Leo nataka tuongee juu ya kazi moja ambayo ku iniversite walitugusishia tu kwa haraka: kuuzisha kile mkulima amevuna. Mu promosio yetu kozi ya marketing ilimalizika kwa siku nne, na wengi tuliishika kwa kichwa juu ya mtihani, kisha tukaisahau. Mimi niliikumbuka tena siku ile tomati za wamama wa Kabare zilioza mikononi mwangu.

Nitaeleza vile ilifika, lakini kwanza tuelewane juu ya jambo lenyewe.

Marketing ni nini kwa mtu wa Kadutu?

Watu wengi wakisikia marketing wanafikiri ni matangazo tu. Mu mwaka 1960 mwalimu mmoja wa Marekani, E. Jerome McCarthy, aliigawanya kwa vitu vinne ambavyo mpaka leo wanafunzi wanavisoma: bidhaa, bei, mahali ya kuuzishia, na tangazo. Sasa angalia mama mwenye kuuzisha ku soko ya Kadutu. Anachagua tomati nzuri na kuziweka juu ya fungu (bidhaa). Anajua nani atamutajia ngapi (bei). Amekamata nafasi yake tangu saa kumi na moja asubuhi (mahali). Na anaita watu wenye kupita: «Papa, kuja uone, ni za leo!» (tangazo). Hakusoma McCarthy, lakini vitu vyote vine anavyo.

Kwa hiyo intaneti haikutuletea marketing. Iliyikuta hapa. Swali la kujiuliza ni hili: kati ya vile vitu vine, ni gani intaneti inabadilisha kweli, na ni gani inaacha vile viko?

Vile nilianza

Nilimaliza licence, nikapeleka barua za kuomba kazi mpaka nikachoka kupiga fotokopi za diplome. Mwezi wa tatu 2023 nikaanza na simu yangu. Kuko kikundi ya wamama upande wa Mudaka, mu teritware ya Kabare, wanalima tomati na shu. Nilikuwa nimefanya staji kwao, wananiita «Agronome» mpaka leo. Wao wanauzisha beseni moja ku soko ya Mudaka franka 14.000. Mu mji, beseni ileile inafika ku mwenye kuuzisha kwa mafungu franka 22.000. Na yeye, akiimaliza yote bila kuoza, anapata kama 30.000.

Nikasema: basi, kati ya 14.000 na 30.000 kuko pesa ya kijana mwenye WhatsApp! Nitawalipa wamama 17.000, nitauzisha ku mteja 26.000. Mkulima anapata zaidi, mteja analipa kidogo, na mimi nabaki na 9.000. Wote tunafurahi. Ilionekana wazi mpaka nikashangaa sababu gani watu hawakuifanya zamani.

Nikapiga picha nzuri, na matone ya maji juu ya tomati, nikaiweka ku statu yangu. Watu 140 waliiona. Karibu 30 waliandika «Nzuri sana», «Courage ndugu», ao «Nitakupigia». Wenye walinunua walikuwa watatu.

Hapo ndipo nilipata somo la kwanza, na kila mwanafunzi anayefikiria kuuzisha kwa simu alishike: kuonwa si kuuzisha. Tangazo njo kile intaneti inafanya rahisi zaidi, na sababu ni rahisi kwa kila mtu, haina tena nguvu sana. Ku soko, sauti ya mama inafika ku watu makumi mawili wenye walikuja na pesa mu mfuko. Statu yako inafika ku watu 140 wenye wako kitandani.

Bei: hapa njo mabadiliko ya kweli yako

Kama kuko kitu kimoja ambacho simu imebadilisha kabisa mu biashara ya chakula, ni habari ya bei. Hii imepimwa, si maneno ya bare.

Mfano ambao wachumi wanautaja sana ni wa wavuvi wa sardini wa Kerala, kusini mwa Uhindi. Kati ya 1997 na 2001 minara ya simu iliwekwa kule hatua kwa hatua. Mbele ya simu, mvuvi alikuwa anarudi ku pwani yake bila kujua wengine wamevua ngapi. Siku samaki ni mingi, anakosa mnunuzi na kuzitupa, wakati ku pwani ya jirani watu wanarudia nyumbani mikono mitupu. Simu zilipofika, akiwa bado juu ya maji anapiga, anauliza, anaenda pale kuko bei. Robert Jensen alichapisha matokeo mu 2007: bei za masoko zilikaribiana, kutupa samaki kukaisha karibu kabisa, faida ya wavuvi ikapanda kama 8%, na bei ya mteja ikashuka kama 4%. Mvuvi na mlaji wote wawili walipata, sababu kile kilikuwa kinapotea bure kiliacha kupotea.

Karibu na hali yetu zaidi ni Niger. Jenny Aker alionyesha mu 2010 kwamba simu zilipunguza tofauti ya bei za nafaka kati ya masoko kwa 10 mpaka 16%. Na nguvu ya simu ilikuwa kubwa zaidi pale kusafiri ni gali na masoko iko mbali. Mtu akijua bei bila kutembea, anabakisha safari yenye ingemuletea hasara.

Angalieni vizuri: ku Kerala na ku Niger, hakuna mtu aliyepiga picha yenye matone ya maji. Walipiga simu, walituma ujumbe. Kumbe mabadiliko makubwa yalikuja kwa simu ndogo ya matouche, si kwa telefone ya dola 200. Wamama wangu wa Mudaka nao, faida yao ya kwanza kutoka kwangu haikuwa wateja. Ilikuwa kwamba kila Jumatano na Ijumaa jioni niliwaambia bei ya Kadutu. Komisionere akija na kusema «mu mji bei imeanguka», wanacheka tu.

Njo maana nashangaa tukiona vijana wetu wanaandika ku posti zao «Bei: njoo inbox». Tunaelewa wanachotafuta. Anataka kukuona kwanza, ajue wewe ni mtu wa ONG ao mwanafunzi, kisha akutajie bei yako. Ni vilevile kama ku soko. Lakini anakitoa kile kitu kimoja ambacho intaneti inafanya muzuri kupita soko: kuonyesha bei ku wote kwa mara moja. Mteja mwenye kufanya kazi hana wakati wa kungoja jibu. Anapita kwa mwingine.

Hesabu yangu ya 9.000

Sasa turudi ku ile 9.000 yangu. Niliandika kila matumizi mu kayee, na iko hivi kwa beseni moja:

Taksi kutoka Mudaka mpaka mu mji: franka 2.500.
Motari mpaka ku mulango wa mteja: 3.000.
Mega na simu: 1.000.
Kutoa pesa ku simu: 500.

Jumla 7.000. Nabaki na 2.000. Na hiyo ni kama beseni zote zimekubaliwa. Kama kwa beseni kumi moja inakataliwa («Ah kaka, hizi ni ndogo, ku photo zilikuwa kubwa») na inaharibika, napoteza 17.000 ya kununua na 5.500 ya kusafirisha, yaani 22.500. Zile tisa zimeniletea 18.000. Nimefanya kazi wiki nzima kwa hasara ya 4.500.

Hesabu hii inaonyesha kitu ambacho sikukielewa mu kozi: unaweza kumutoa mtu wa katikati, lakini kazi yake haitoki. Mtu lazima asafirishe, achague, angoje, abebe hasara ya zenye zimepondeka. Nilipowaruka komisionere na mama wa soko, nilifikiri nachukua faida yao. Kumbe nilichukua kazi yao, bila kujua kuifanya kama wao.

Mahali ya kuuzishia, hiyo P ya tatu, intaneti inaibadilisha kwa nguo, kwa simu, kwa kozi za video, kwa kila kitu chepesi ao kisichooza. Kwa tomati, barabara inabaki barabara.

Siku yenye ilinifundisha ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa nne. Nilikuwa nimekusanya komande 12 ku WhatsApp. Niliwaambia wamama wachume beseni 12, wakachuma Ijumaa. Usiku mvua ikanyesha sana, asubuhi gari halikuweza kutoka ndani mpaka ku barabara kubwa. Tomati zikafika mu mji saa kumi ya jioni. Wateja saba walikuwa wamekwisha kununua ku soko. Wawili hawakushika tena simu. Nilibaki na beseni tisa mu chumba changu, na Jumatatu nyumba yote ilikuwa inanuka.

Franka 153.000 za wamama. Mama Prezida wa kikundi hakunitukana. Alisema tu: «Agronome, hizo ni minervali ya watoto.» Nilizilipa kwa miezi mitano.

Mteja anamwamini nani?

Sababu gani wale wateja waliniacha kirahisi? Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametoa franka moja. Na sababu gani hawakutoa? Sababu hawanijui, na ku intaneti yetu wezi ni wengi. Kila mmoja wetu anajua mtu aliyetuma pesa ya simu ya mkono na hakuiona, ao mwenye kuuzisha aliyepokea ujumbe wa uongo wa «umepokea dola 50», akatoa bidhaa.

Mu 1970 George Akerlof alieleza hali hii kwa mfano wa gari za okazio. Mwenye kuuzisha anajua kama gari iko nzima, mnunuzi hajui. Kwa kuogopa, mnunuzi anataka kulipa bei ya chini tu. Kwa bei hiyo, mwenye gari nzuri anaona haina faida, anaondoka ku soko. Wanaobaki ni wenye gari mbovu. Wazo hilo lilimuletea tuzo ya Nobel mu 2001, na ukiangalia grupu za kuuzisha za mu mji wetu utaona ni kama aliandika juu yao. Kila mwongo mmoja anashusha bei ya waaminifu kumi.

Ku soko tatizo hili lina dawa za zamani: unashika tomati mkononi, unajua mama anakaa wapi, kesho utamukuta palepale. Ku simu lazima utengeneze dawa zingine. Zangu, baada ya hasara, ni hizi. Avansi ya nusu mbele ya kuchuma, na bila avansi hakuna komande. Picha ya siku ileile, na mkono wangu ndani ili ukubwa uonekane, bila matone ya maji. Ikikataliwa kwa haki, narudisha pesa leo, si kesho. Na malipo naangalia mu konti yangu mwenyewe, si ku ujumbe wenye mteja ananionyesha.

Avansi inawezekana sababu pesa ya simu iko. M-Pesa ya Vodacom iliingia Kongo mu 2012, na leo Airtel Money na Orange Money ziko pia. Kwa maoni yangu, kwa biashara ndogo hapa kwetu, hiyo imebadilisha mambo kupita Facebook. Facebook inakupatia mtu wa kusema «nitakupigia». Pesa ya simu inakuonyesha kama anasema kweli.

Jioni mama aliniuliza

Sasa nifike ku jambo lenye linanisumbua. Mama yangu anauzisha tomati ku Kadutu. Beseni kwa beseni, fungu kwa fungu, njo ililipa masomo yangu mpaka licence. Simu yake ni ya matouche, haina intaneti.

Jioni moja alirudi, akakaa, hakutoa hata kitambaa ku kichwa. Akaniuliza: «Papa, ni weye unapelekeaka tomati mama wa restora ya Nguba?» Nikasema ndiyo. «Ule alikuwa kliya wangu miaka sita.»

Sikuwa na jibu. Mu vitabu wanaandika kwamba intaneti inapunguza watu wa katikati, na tunapiga mstari chini ya sentensi hiyo kama habari njema. Hatujiulizi mtu wa katikati ni nani. Mu mji wetu, mara nyingi ni mama wa mtu.

Nilienda kumuuliza yule mwenye restora sababu gani alimuacha mama. Alisema bei yangu ilikuwa chini. Kisha akaongeza: «Lakini weye hunikopeshi. Mama yako alikuwa ananipatia Jumatatu, namulipa Jumamosi. Na zako lazima nichague tena.» Kumbe ndani ya bei ya mama kulikuwa mkopo na kazi ya kuchagua, na mimi niliita hiyo yote «faida ya katikati».

Tulikaa na mama, tukapanga upya. Tomati zinafika kwake. Anachagua: kubwa na ngumu kwa restora na komande, za katikati kwa fungu lake, zilizopondeka kwa wenye kupika siku ileile. Mimi natafuta wateja, nachukua avansi, natuma motari. Beseni yenye inakataliwa inarudi ku meza yake, haiozi tena mu chumba changu. Mama wa Nguba amerudi, anamulipa mama Jumamosi kama zamani. Hatujatajirika. Lakini tangu tulipopanga hivyo, kwa kayee yangu sijaandika tena hasara kubwa.

Si kila kitu kilitengenezeka. Wateja wengine wawili wa mama walikwenda kwa vijana wengine wa WhatsApp, hawakurudi. Na majirani zake wa meza hawana mtoto mwenye kozi ya marketing.

Duka juu ya kiwanja cha mwingine

Jambo la mwisho, kwa wenye wanataka kuacha kila kitu na kuuzisha ku intaneti tu. WhatsApp na Facebook ni vya kampuni moja tangu 2014. Statu inaisha kwa saa 24, na inaonwa na wenye mmehifadhiana namba tu. Ukurasa wa Facebook unaonwa na watu kidogo kama hulipi, na kulipa kunaomba karte ya banki, ambayo wengi wetu hatuna. Tarehe 4 mwezi wa kumi 2021 vyote viwili vilizima kwa saa karibu sita, dunia nzima. Na hapa kwetu, tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa kwa siku karibu 20. Tusisahau pia RAM, ile taksi iliyokuwa inakata inite zetu tangu 2020 mpaka ilipoondolewa mu 2022.

Kwa hiyo andika namba za wateja wako ku karatasi. Sifanyi mchezo. Kayee yangu iko na majina, mtaa, siku wanapenda kununua, na nani ana deni. Simu ikipotea, biashara inabaki.

Mwanafunzi akiniuliza leo aanzie wapi, simwambii atengeneze logo. Namwambia akae wiki mbili karibu na meza ya mama mmoja ku soko na aandike kila kitu anachofanya, hata kile kinaonekana si kazi. Kisha ajiulize ni gani simu inaweza kufanya kwa bei ndogo zaidi. Kwangu mimi, mpaka sasa, jibu ni matatu: kujua bei, kuchukua komande mbele ya kuchuma, na kupokea avansi.

Mama bado hataki telefone kubwa. Lakini kila Ijumaa jioni, akimaliza kupanga, ananiita: «Papa, kuja upige ile photo.» Anaweka mkono wake ndani ya beseni mwenyewe. Wateja siku hizi wanaandika: «Niwekee zile za mkono wa mama.»